Dirisha la Kimbunga kwenye Ukuta wa Matumbawe

Mombasa iko karibu digrii 4 kusini mwa ikweta, na hiyo ndiyo bahati yetu. Kimbunga hujisokota kwa msaada wa mzunguko wa dunia, na karibu na ikweta msaada huo ni hafifu mno. Ndiyo maana vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi hutupita kusini, vikaenda kuzipiga Madagaska na Msumbiji. Hata hivyo havitukwepi daima kwa mbali sana. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuing'oa mikarafuu, na tarehe 4 Mei 2024 Hidaya ilifika kisiwa cha Mafia. Kwa hiyo mwenye nyumba wa Nyali au Shelly Beach anayeuliza bei ya madirisha ya kuhimili kimbunga hana wazimu.

Ila kwa nyumba nyingi za hapa, kimbunga chenyewe ni sababu ya mwisho kwenye orodha. Za kwanza ni mvua ya kusi inayokuja kwa ubavu, chumvi inayokula chuma mchana na usiku, wezi, na kelele za barabara. Dirisha hili linayamudu yote manne likifungwa sawasawa. Likifungwa vibaya, umenunua kioo cha bei ghali ukakitia kwenye tundu bovu. Kioo chenyewe huwa hakina tatizo. Taabu huanzia kwenye ukuta, skrubu na silikoni, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Kwanza, dirisha lenyewe ni kitu gani

Chimbuko lake ni Florida. Kimbunga Andrew kilipopiga kusini mwa jimbo hilo tarehe 24 Agosti 1992, nyumba nyingi zilipoteza paa kwa njia moja: kitu kinachoruka kinavunja dirisha au mlango, upepo unaingia na kulisukuma paa kutoka chini, huku upepo wa nje ukilifyonza kutoka juu. Nguvu mbili zinakutana, na paa linaondoka. Dirisha gumu, kwa hesabu hiyo, ni kinga ya paa kabla hata ya kuwa kinga ya chumba. (Mwenye banda la makuti aisahau hoja hii. Makuti yanapumua yenyewe. Upepo utaingia tu, dirisha liwe la aina gani.)

Kwa viwango vya Marekani vya ASTM E1886 na E1996, dirisha la orofa za chini hurushiwa gogo la mbao la kilo 4.1 kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde. Kioo kinaruhusiwa kupasuka. Kisichoruhusiwa ni kutoboka. Baada ya hapo dirisha lilelile lililopasuka husukumwa na kuvutwa kwa hewa mara 9,000, nusu kuelekea ndani na nusu kuelekea nje, na mwishowe halitakiwi kuwa na mpasuko unaozidi milimita 130 wala tundu linaloweza kupitisha mpira wa milimita 76. Zingatia hapo: kinachopimwa ni dirisha zima, yaani kioo, fremu, bawaba, komeo na namna lilivyoshikizwa. Muuzaji akikuonyesha cheti cha kioo peke yake, bado hujaonyeshwa kitu. Uliza ripoti ya dirisha zima, na uangalie ukubwa uliopimwa. Dirisha lililofaulu likiwa na upana wa mita moja halikuthibitishi lako la mita mbili.

Kioo ni cha lamineti: vioo viwili vilivyobanana na utando wa plastiki uitwao PVB katikati. Lamineti ya kawaida ya dukani ina utando wa milimita 0.38 au 0.76. Ya kimbunga huwa na takriban 2.3. Tofauti haionekani ukikitazama kioo kwa mbele, basi kitazame ukingoni, kabla hakijaingizwa kwenye fremu. Kioo cha tempa (kilichokazwa kwa joto) peke yake hakifai kazi hii hata kidogo. Ni kigumu, lakini kikivunjika kinamwagika chote chini na tundu linabaki wazi. Na ile filamu ya kubandika juu ya kioo cha zamani? Inazuia vipande visiruke, basi. Isipofungwa hadi kwenye fremu, kioo na filamu yake hutoka kwa pamoja.

Uzito nao upange mapema. Kila milimita ya unene wa kioo ni kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Lamineti ya 6 na 6 yenye utando mnene hufika kilo 32 kwa mita moja ya mraba. Dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 lina kioo cha karibu kilo 58 kabla ya kuhesabu fremu. Bawaba za dirisha la kawaida zitalegea kwa mzigo huo, na mtu mmoja juu ya ngazi asijaribu kulipandisha.

Upepo unasukuma kilo ngapi

Hesabu ni fupi. Zidisha mwendo wa upepo (mita kwa sekunde) kwa wenyewe, kisha kwa 0.613, unapata msukumo kwa paskali. Upepo wa kilomita 54 kwa saa, ambao kusi huweza kuufikisha katika siku mbaya, unatoa paskali 138. Kimbunga kinaanza kuitwa kimbunga kamili kwenye kilomita 119 kwa saa, na hapo ni karibu paskali 670. Mwendo umezidi maradufu kidogo, msukumo umekaribia mara tano. Kwa dirisha letu la mita 1.5 kwa 1.2, hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 123 juu ya kioo. Kwenye kona za nyumba, upepo unapopinda, mfyonzo wa kuelekea nje huwa mkali kuliko huo, kwa hiyo madirisha ya kona ndiyo ya kuangaliwa zaidi.

Mtu atasema kilo 123 zikigawanywa kwa nanga 16 (bolti zinazoshikilia fremu ukutani) ni kitu kidogo. Ingekuwa hivyo kama mzigo ungekaa umetulia. Upepo haukai. Unasukuma na kuachia, unasukuma na kuachia, na kila nanga iliyolegea nusu milimita inawapa wenzake kazi yake.

Ukuta

Mawe ya matumbawe tunayojengea, yale yanayokatwa machimboni, ni laini na yana matundu. Fundi akitia nanga ya kupanuka, ile bolti yenye ala inayotanuka ikikazwa, jiwe husagika polepole kuizunguka. Mwanzoni anahisi imeshika, kwa sababu plasta ya simiti iliyo juu ni ngumu. Lakini plasta ni milimita 15 au 20 tu na haibebi chochote. Baada ya msimu mmoja wa upepo, ukiishika fremu na kuitikisa utaona unga mweupe ukidondoka kwenye kizingiti. Huo unga ni jiwe lako.

Kama nyumba inajengwa, au unabomoa kidogo, dawa bora ni kuzungushia tundu la dirisha zege. Mwaga nguzo fupi pande zote mbili, upana wa milimita 150 na unene sawa na ukuta, vyuma vinne vya milimita 10, ringi kila milimita 200, vifungwe na lenta (boriti ya zege) juu na zege la kizingiti chini. Mchanganyiko wa 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto) unatosha. Vyuma vifunikwe na zege la milimita 40 hadi 50, maana pwani chumvi hupenya zege jembamba na kutu ikianza inalipasua kutoka ndani.

Mambo mawili ya Mombasa hapo. Mchanga wa ufuoni usiuguse, hata ukiwa mweupe na wa bure. Na maji ya kisima mara nyingi ni ya chumvi. Yaonje kabla hujayachanganyia zege. Ukiyatumia unakuwa umeipanda kutu mwenyewe ndani ya nguzo. Nunua maji matamu, hata kama ni ya mkokoteni. Funika zege kwa magunia na ulimwagie maji siku 7, na usilitoboe kabla ya wiki mbili. Siku 28 ni bora zaidi.

Kama nyumba imeshakamilika na hutaki kubomoa, tumia nanga za gundi ya kemikali zenye soksi ya wavu wa plastiki. Kwa bolti ya hesi ya milimita 10, toboa tundu la milimita 16, kina cha kutosha soksi ya milimita 85, ukianza kuhesabu pale jiwe linapoanza na siyo pale plasta inapoanza. Zima nyundo ya drili. Kwenye matumbawe toboa kwa kuzungusha tu, la sivyo tundu linakuwa pana na limevunjika ndani. Kisha puliza vumbi, sugua kwa brashi ya mviringo, puliza tena. Hatua hiyo ndiyo inayorukwa kuliko zote, na vumbi likibaki gundi inashika vumbi. Gundi ya kwanza inayotoka kwenye mdomo wa mrija itupe mpaka itoke ya rangi moja. Jaza soksi kuanzia chini, sukuma bolti ukiizungusha, halafu iache. Joto letu hukausha gundi haraka, kwa hiyo usijaze matundu kumi kwa mpigo; matatu yanatosha. Na usikubali bolti ikazwe "kujaribu tu" kabla ya muda ulioandikwa kwenye mrija.

Nyumba za Mji wa Kale ni habari nyingine. Kuta zile ni matumbawe na chokaa, nene lakini laini, na eneo lenyewe liko chini ya hifadhi, kwa hiyo sura ya nje haibadilishwi bila idhini. Ningeacha dirisha la mbao na vifuniko vyake nje, nikaweka la kioo upande wa ndani, kwenye fremu inayosimama sakafuni badala ya kuning'inia ukutani.

Kupima na kushikiza

Pima upana mara tatu (juu, kati, chini), kimo mara tatu, na kona kwa kona mara mbili. Chukua kipimo kidogo kabisa, kisha punguza milimita 10 hadi 12 kwa jumla, yaani 5 au 6 kila upande. Kona kwa kona zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 5, nyoosha tundu kwanza. Kioo cha lamineti kilichotengenezwa kwa vioo vya tempa hakikatwi tena, hata kwa milimita mbili. Kosa la tepu ni kioo kipya.

Nanga ya kwanza isizidi milimita 150 kutoka kona ya fremu, na baina ya moja na nyingine isizidi 400. Dirisha la 1.5 kwa 1.2 linakuwa na nne kila upande, jumla 16. Fundi aliyezoea madirisha ya kawaida huweka mbili kila upande akaenda zake. Kwenye zege, kila nanga ikae angalau milimita 60 kutoka ukingo, la sivyo ukingo unamegeka. Hii ina maana fremu isikae usawa na uso wa nje wa ukuta. Irudishe ndani. Hata mvua itakushukuru.

Baina ya fremu na ukuta, kila penye nanga, weka kipande cha plastiki cha kujazia nafasi. Usitumie kipande cha mbao, kinaoza na kuacha pengo. Nafasi isizidi milimita 6, kwa sababu bolti inayovuka pengo pana bila kuegemea kitu hupinda upepo unapolisukuma dirisha. Pima kwa pima maji na timazi kabla ya kukaza, kisha kaza kwa zamu, upande huu na upande ule. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, fremu inapinda na komeo halifiki mahali pake.

Nafasi iliyobaki usiijaze simiti. Najua ndivyo inavyofanyika karibu kila mahali. Simiti mbichi inaila alumini, na ikikauka haina mnyumbuliko: dirisha linapanuka kwa jua la Februari, simiti haipanuki nalo, na ufa unatokea pembeni kabisa, pale maji yanapopenda. Jaza kwa kamba ya sponji kisha silikoni juu yake, kina cha silikoni kiwe kama nusu ya upana wa nafasi.

Skrubu, alumini na sumaku

Stenlesi ya kawaida, 304, hupata madoa ya kahawia karibu na bahari. Hitaji ni 316. Kwa macho zinafanana, na sumaku haitakusaidia kwa sababu kwa kawaida haizinasi zote mbili. Tazama kichwa cha bolti: A2 ni 304, A4 ni 316. Bolti isiyo na alama ichukulie kuwa A2, hata muuzaji aape. Skrubu za chuma kilichopakwa zinki zisiingie kabisa.

Hata stenlesi nzuri, ikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi, huifanya alumini iliwe. Utaona unga mweupe kuzunguka kichwa cha skrubu, na rangi ikivimba. Washa ya nailoni chini ya kila kichwa hutenganisha metali hizo mbili. Ni kitu cha shilingi chache, na ndicho cha kwanza kukosekana.

Kwa alumini yenyewe, omba rangi ya poda iliyopakwa juu ya anodaizi (tabaka gumu la kinga linalotengenezwa juu ya alumini kwa umeme), au anodaizi ya mikroni 25. Poda ya kawaida huanza kuchubuka kwenye kona zilizokatwa, kwa sababu fundi hukata fremu baada ya kupakwa na ule mkato unabaki uchi. Mikato yote ipakwe kiziba kabla ya kuunganishwa.

Maji

Dirisha la kuteleza, lile la slaidi, ndilo maarufu Mombasa, na ndilo linalovuja zaidi. Sababu ni ya hesabu pia. Paskali 10 huinua maji karibu milimita moja. Upepo wa paskali 138 unaweza kuyazuia maji yasitoke kwenye reli mpaka yapande milimita 14. Kwa paskali 670 yanapanda 68. Ukuta wa ndani wa reli ukiwa mfupi kuliko hapo, maji yanamwagikia chumbani hata kama mipira yote ni mizima na fundi hana kosa. Kwa upande unaotazama bahari ningechagua dirisha la bawaba linalofungukia nje, lenye makomeo zaidi ya moja. Upepo unalisukuma lijifunge zaidi. Slaidi ziwekwe upande wa pili wa nyumba.

Vishimo vya kutolea maji chini ya fremu visizibwe. Inashangaza ni mara ngapi mchoraji rangi au fundi plasta huvijaza kwa nia njema kabisa.

Kioo kikae juu ya vipande viwili vya mpira mgumu, kila kimoja robo ya upana kutoka kona, kisiguse alumini popote. Kisha kibandikwe kwenye fremu kwa silikoni ya muundo, maana baada ya kupasuka ni gundi hiyo peke yake inayozuia kioo kizima kisichomoke. Silikoni inayonuka siki ukifungua mrija ni ya bafuni. Asidi yake huushambulia utando wa PVB na chuma, na baada ya muda ukingo wa kioo unapata ukungu mweupe unaotambaa kuelekea katikati. Ukungu huo hausafishiki. Tumia isiyo na asidi.

Kabla ya kufunika pembe za ndani, jaribu kwa mpira wa maji. Anza chini kwenye kizingiti, dakika tano, kisha pande, mwisho juu, huku mtu akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu maji yatateremka kila mahali na hutajua yalikoingilia.

Hewa na kutoka

Nyumba ya Mombasa iliishi kwa luva na upepo wa kupita. Ukiziba kila tundu kwa kioo kisichofunguka, bili ya stima itakufundisha. Acha angalau madirisha mawili yanayofunguka kwenye kuta zinazokabiliana, na neti ya mbu ikae upande wa ndani kwenye fremu yake, ili isizuie komeo.

Kuhusu grili: lamineti nene haitoboki kirahisi kwa jiwe wala kwa kiti, na hilo humzuia mwizi na humzuia pia aliye ndani nyumba ikiwaka moto. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja linalofunguka kwa mkono bila ufunguo, na kama lina grili, grili hiyo nayo ifunguke kwa ndani. Wengi wakishafunga kioo hiki huona grili haina kazi tena. Mimi ningeitoa.

Baada ya hapo, kazi ni kuosha. Fremu za mbele ya bahari zioshwe kwa maji matamu na sabuni laini kila mwezi, na mara kwa mara zaidi wakati wa kusi. Maji ya kisima cha chumvi yanakauka na kuacha kilekile ulichokuja kukiondoa. Reli na vishimo vifagiliwe kwa brashi ndogo, bawaba zipakwe mafuta ya silikoni badala ya grisi inayonasa mchanga, na kila mwaka kabla mvua za Aprili hazijaanza, kagua kichwa cha kila skrubu. Unga mweupe ukionekana, ile skrubu itolewe, itiwe washa yake, irudishwe.